Mizani na Mwendo: Chakula, Kazi za Kila Siku na Uzito wa Mwili katika Jamii Mbalimbali

Katika kliniki za kisukari na za shinikizo la juu la damu, mgonjwa aliyezidi uzito hupewa ushauri uleule kila mara: apunguze kula na afanye mazoezi. Ushauri huo si wa uongo, lakini namna unavyotolewa huunganisha mambo mawili yenye kazi tofauti mwilini. Matokeo yake huonekana miezi mitatu baadaye. Mgonjwa ametembea kila asubuhi kama alivyoagizwa, mizani imeshuka kwa kilo moja au haikushuka kabisa, naye anahitimisha kwamba mazoezi hayamsaidii. Anaacha kutembea. Hivyo anapoteza tiba iliyokuwa ikifanya kazi kimyakimya katika moyo, mishipa na misuli yake, kwa sababu tu alipewa mizani kuwa kipimo cha jambo ambalo mizani haiwezi kulipima.

Kosa hilo si la mgonjwa. Limetokana na imani ya siku nyingi kwamba uzito wa mwili ni hesabu rahisi ya kinachoingia mdomoni na kinachochomwa miguuni. Watafiti waliokwenda kuzipima jamii zenye mila, kazi na vyakula tofauti wamekuta hesabu hiyo ina upande mmoja mzito kuliko mwingine. Baadhi ya kazi hizo zimefanyika Tanzania.

Wahadza na bajeti ya mwili

Wahadza wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, na baadhi yao bado hujipatia chakula kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda ya porini na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati iliyotumiwa na watu wazima 30 wa jamii hiyo. Njia waliyoitumia ndiyo inayoaminika zaidi kwa watu wanaoishi maisha yao ya kawaida. Mtu hunywa maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake zimetiwa alama, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa ili ijulikane alama hizo zinatoka mwilini kwa kasi gani. Haidrojeni hutoka kwa njia ya maji peke yake. Oksijeni hutoka kwa njia ya maji na ya hewa ya ukaa pia. Tofauti ya kasi hizo mbili huonyesha kiasi cha hewa ya ukaa kilichotengenezwa, na kutokana nacho hukokotolewa nishati iliyochomwa.

Wanaume wa Kihadza walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, na wanawake kilomita 5.8, bila kuhesabu kuchimba, kubeba na kupanda miti. Ilitarajiwa kwamba wangechoma nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda ofisini. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao ya nishati kwa siku hayakutofautiana na ya watu hao wa mijini.

Maelezo anayoyapendekeza Pontzer ni kwamba mwili una bajeti, na kwamba huilinda. Kaya yenye kipato kisichobadilika, ada ya shule inapowadia, hupunguza nyama na kuahirisha nguo mpya. Mwisho wa mwezi jumla ya matumizi ni ileile. Vivyo hivyo, mwili wa mtu anayetembea sana hupunguza nishati inayokwenda kwingineko, ikiwamo ile inayochochea uvimbe wa ndani usio na sababu na homoni za msongo. Nadharia hii bado inajadiliwa na wataalamu, hasa kuhusu kiasi cha fidia hiyo. Lakini ikiwa ni sahihi hata kwa sehemu, inaeleza mambo mawili kwa mara moja: kwa nini mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko inavyotarajiwa, na kwa nini yana faida kubwa hata pale uzito usipopungua.

Wahadza hata hivyo si wanene. Katika utafiti huohuo, mafuta yalikuwa asilimia 13.5 ya uzito wa wanaume na asilimia 20.9 ya uzito wa wanawake. Ikiwa hawachomi nishati zaidi ya wengine, sababu ya wembamba wao ni lazima itafutwe kwenye chakula. Wanakula mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi ambayo hutafunwa kwa muda mrefu na makapi yake hutemwa, ubuyu, matunda madogo ya porini na nyama isiyo na mafuta mengi. Haifai hata hivyo kuwachora kama watu wasiojua utamu. Asali hukadiriwa kuwapa takriban asilimia 15 ya nishati yote wanayokula, na huipenda kuliko chakula kingine chochote. Tofauti ni kwamba asali yao iko juu ya mbuyu, inalindwa na nyuki, na kwa msimu wake.

Mwaka 2025 kundi kubwa zaidi la watafiti, Pontzer akiwamo, lilikusanya vipimo vya watu wazima 4,213 kutoka jamii 34 za mabara sita, kuanzia wawindaji na wafugaji hadi wakazi wa nchi za viwanda. Matumizi ya nishati yalipungua kidogo sana kadiri uchumi unavyokua, kwa kiasi kisichotosha kueleza unene unaoongezeka katika nchi tajiri. Mzigo mkubwa wa lawama ukaangukia chakula.

Chakula kinachopita haraka

Kwa nini basi watu wale zaidi ya wanavyohitaji? Jibu la kawaida ni ulafi au ukosefu wa nidhamu, na ndilo jibu linalowaumiza wagonjwa zaidi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio lililolijibu swali hilo kwa njia nyingine. Watu wazima 20 walikaa hospitalini mwezi mmoja. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kiwandani kupita kiasi, na kwa wiki mbili nyingine walipewa vyakula vilivyopikwa kutokana na mazao ya kawaida. Milo yote iliyowekwa mezani ilikuwa na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi kwa viwango vinavyolingana, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi alichotaka. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka wastani wa kilo 0.9. Katika wiki za chakula cha kupikwa walipungua kiasi hichohicho. Watu walikuwa walewale, na nidhamu yao ilikuwa ileile.

Mojawapo ya tofauti zilizoonekana ilikuwa kasi ya kula. Chakula laini kilichobeba nishati nyingi katika tonge dogo humezwa kabla tumbo halijapeleka taarifa ya shibe kwenye ubongo. Hili si geni kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Mihogo ya kuchemsha na maharage humlazimisha mlaji atafune. Andazi, chipsi na biskuti hazimlazimishi. Soda ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, maana haitafunwi kabisa. Chupa ya nusu lita ya kinywaji cha kola hubeba takriban gramu 50 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kiwango hicho ni gramu 50. Chupa moja imekimaliza.

Mafuta ya kupikia yanastahili kutajwa peke yake kwa sababu hayaonekani. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban kilokalori 120, karibu sawa na zile anazochoma mtu mzima wa kawaida anapotembea kwa haraka nusu saa. Mchicha uliokaangwa kwa vijiko vinne vya mafuta bado unaitwa mboga ya majani mezani, na mgonjwa atamwambia mhudumu kwa ukweli kabisa kwamba anakula mboga kila siku.

Unga nao una historia yake. Sembe huondolewa pumba na kiini cha punje. Dona husagwa na vyote. Ugali wa dona huacha nyuzinyuzi, madini na vitamini ambazo kinu cha sembe huzitupa au kuwauzia wafugaji wa kuku. Ni jambo la kusikitisha kwamba sembe imekuwa alama ya nyumba yenye uwezo na dona ikabaki kuwa chakula cha shule na cha jela.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 na watafiti wa Moshi wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi uliliweka jambo hili katika maabara. Wanaume 77 wenye afya kutoka vijijini na mijini kaskazini mwa Tanzania waligawanywa katika makundi. Waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro, kama vile ndizi, maharage, viazi na mboga za majani, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya mtindo wa Kimagharibi. Waliozoea vyakula hivyo vya Kimagharibi wakahamishiwa kwenye vya asili. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja, na wachache waliendelea na milo yao ya kawaida. Walioacha vyakula vya asili waliongezeka viashiria vya uvimbe wa ndani katika damu, na chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vimelea ziliitikia kwa udhaifu. Waliorudi kwenye vyakula vya asili walionyesha mwelekeo wa kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki kadhaa baadaye. Kundi la mbege nalo lilipata nafuu ya uvimbe, jambo linalohusishwa na uchachushaji wa ndizi na ulezi. Msomaji asilichukulie hilo kuwa cheti cha kunywea: mbege ina kileo, na madhara ya kileo kwa shinikizo la damu na ini hayafutwi na ndizi.

Damu moja, maisha mawili

Wapo wanaosema unene ni wa ukoo. Kwa sehemu wanasema kweli, ila ukoo huhitaji mazingira ya kuuamsha. Wapima wa Arizona, Marekani, na Wapima wa Maycoba, kijiji cha milimani katika jimbo la Sonora nchini Meksiko, ni watu wenye asili moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari cha ukubwani kwa asilimia 38 ya watu wazima wa upande wa Marekani, na kwa karibu asilimia 7 tu ya ndugu zao wa Meksiko.

Kilichotokea Arizona hakikuwa uvivu. Wapima wa huko walikuwa wakulima hodari wa mfereji katika bonde la Mto Gila. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi waliokaa juu ya mto waliyachepusha maji, mashamba yakakauka, na hatimaye watu waliokuwa wakijilisha wakaanza kutegemea mgao wa serikali wa unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Wale wa Maycoba waliendelea kulima mahindi, maharage na viazi kwa nguvu za mikono. Anayeitazama takwimu ya asilimia 38 bila kuujua mto huo atawalaumu watu kwa jambo walilotendewa.

Visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani, vinasimulia habari inayofanana kwa kasi tofauti. Mwaka 1949 viazi vitamu peke yake viliwapa wakazi wa huko zaidi ya nusu ya nishati yao, na wazee wa kizazi hicho walisifika duniani kwa kuishi miaka mingi. Baada ya vita kambi za jeshi la Marekani zilileta nyama za makopo na migahawa ya vyakula vya haraka. Kufikia mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walikuwa wameshuka hadi nafasi ya 26 miongoni mwa mikoa 47 ya Japani kwa matarajio ya urefu wa maisha.

Mabadiliko ya namna hii hayahitaji kizazi kizima. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 200 waliohama kutoka vijiji vya mkoa wa Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na mara kadhaa baada ya kufika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba ndani ya miezi 12 wanaume na wanawake walikuwa wameongezeka wastani wa zaidi kidogo ya kilo mbili. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu walipungua kutoka karibu wanane katika kila kumi hadi chini ya watatu. Cha kuvutia ni kwamba si kila badiliko lilikuwa baya: walikula nyama nyekundu mara nyingi zaidi, lakini pia matunda na mboga mbichi, kwa kuwa mjini vinapatikana sokoni mwaka mzima. Mji si sumu yenyewe. Kilo mbili kwa mwaka si kitu cha kutisha, isipokuwa zikiongezeka hivyo kwa miaka kumi.

Katika takwimu za kitaifa za Tanzania, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 mwaka 2004-05. Mwaka 2015-16 walifikia asilimia 28.

Kazi ya mwendo

Ikiwa chakula ndicho chenye usukani wa uzito, mwendo una kazi gani? Kwanza, inaonekana mtu asiyejishughulisha kabisa hupoteza kipimo cha njaa. Mwaka 1956 Jean Mayer na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa kiwanda cha juti huko Bengali Magharibi, India. Kuanzia kazi nyepesi hadi nzito, wafanyakazi walikula kulingana na walivyotumia nguvu, na uzito wao haukutofautiana sana. Lakini waliokaa tu, kama wenye vibanda vya biashara ndani ya eneo la kiwanda, walikula zaidi ya wenye kazi nyepesi na walikuwa wazito kuliko wote. Mwendo kidogo, kwa lugha nyingine, huifanya njaa iseme kweli. Uzoefu wa kliniki unaafikiana na hilo kwa kiasi fulani: mazoezi si chombo kizuri sana cha kushusha uzito, lakini ni chombo kizuri cha kuuzuia usirudi baada ya kushuka.

Pili, na hapa ndipo penye uzito zaidi, mwendo huilinda afya bila kuomba ruhusa ya mizani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Madereva waliugua zaidi ugonjwa wa mishipa ya moyo, na wengi walikufa kwa shambulio la kwanza. Watu waliuliza, kwa haki, kama si kwa sababu madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Watafiti wakaenda kwenye kumbukumbu za sare na kuangalia vipimo vya viuno vya suruali. Kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini walipolinganishwa wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, kondakta bado alikuwa na hatari ndogo ya kufa ghafla kwa moyo kuliko dereva. Madereva wa daladala, matatu na malori ya masafa marefu wanapaswa kuijua habari hii.

Wamasai wamewashughulisha watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu hiyohiyo. Chakula chao cha maziwa na nyama kilikuwa na mafuta mengi, ilhali lehemu katika damu yao ilikuwa chini na maradhi ya moyo yalikuwa nadra. Mwaka 1972 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa ya mioyo hiyo haikuwa safi: kuta zake zilikuwa na mafuta yaliyojikusanya. Lakini ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, kiasi kwamba damu iliendelea kupita vizuri. Mann aliuhusisha upana huo na miguu yao. Miongo kadhaa baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha Wamasai na wakulima wa vijijini na wakazi wa mjini nchini Tanzania. Kwa makadirio yaliyotokana na maswali kuhusu shughuli zao, Wamasai walitumia nishati takriban 2,565 kwa siku juu ya ile ya mwili uliopumzika, kwa kipimo cha kilokalori, wakulima 1,500 na wakazi wa mjini 891. Na afya ya damu yao ilifuata mpangilio huo. Tarakimu hizo hazipaswi kuwekwa bega kwa bega na za Wahadza, maana kuhesabu shughuli kwa maswali na kupima kwa maji yenye alama ni mambo mawili. Mpangilio wake ndio wenye maana.

Kinachotokea ndani ya mwili kinajulikana vizuri. Msuli unapojikunja hufungua milango ya kuingizia sukari bila kusubiri insulini, na athari hiyo huendelea kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi. Ndiyo maana kutembea mara moja kwa wiki kwa saa tatu hakulingani na kutembea nusu saa karibu kila siku. Mafuta yaliyojificha katika ini na kuzunguka matumbo hupungua hata kama jumla ya uzito haijabadilika. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya mara kwa mara hushusha kipimo cha juu kwa takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki, jambo linaloweza kulinganishwa na dawa moja.

Hata namna ya kukaa ina uzito. Utafiti wa mwaka 2020 uliwakuta Wahadza wakipumzika takriban saa 10 kwa siku, muda usiotofautiana sana na wa watu wa ofisini. Lakini mara nyingi walichuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu iliendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kigoda cha mbuzi na mkeka vilikuwa na faida ambayo sofa haikuiridhi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hilo halimfai tena, na hapaswi kulazimishwa.

Kunawiri, kukonda na maneno ya watu

Mhudumu anayemwambia mgonjwa apungue uzito hamwambii neno la kitabibu peke yake. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mwili mnene umesomwa kuwa ni ushahidi wa ndoa yenye amani, mume anayetunza, au wadhifa uliofika. Mtu aliyeongezeka huambiwa amenawiri. Aliyepungua huulizwa ana tatizo gani. Nchini Mauritania desturi ya kuwanenepesha wasichana kwa maziwa na uji kabla ya kuolewa imedumu muda mrefu. Na tangu miaka ya 1980 kukonda kumebeba tuhuma ya UKIMWI, tuhuma ambayo haijafutika licha ya dawa kuwafanya watu waishi na virusi wakiwa na miili ya kawaida. Mama anayefanikiwa kupunguza kilo nane hukutana na minong'ono msibani na sokoni, na baadhi huzirudisha kilo hizo kwa makusudi. Ni busara kuliuliza jambo hilo waziwazi katika ziara ya kwanza: watu wa nyumbani watasemaje ukipungua? Mara nyingi mume, mkwe au dada mkubwa anapaswa kuwamo katika mazungumzo, kwa kuwa ndiye anayepakua chakula au ndiye anayekisifia kitambi.

Vipimo navyo si vya watu wote sawasawa. Uwiano wa uzito na urefu wa 25 huhesabiwa kuwa mwanzo wa uzito uliozidi, na 30 mwanzo wa unene. Kwa watu wenye asili ya Asia, wakiwamo Watanzania na Wakenya wengi wenye asili ya India, hatari huanza mapema, na Shirika la Afya Duniani limependekeza hatua zichukuliwe kuanzia 23. Utepe wa kupimia kiuno, ambao fundi cherehani yeyote anao, husema mengi kuliko mizani: kwa Waafrika hutumika kiwango cha sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume.

Chumbani kwa daktari

Yanayofuata kutokana na hayo yote ni kwamba chakula na mwendo viandikwe kama maagizo mawili, kila moja na kipimo chake. Chakula kipimwe kwa mizani na utepe. Lengo la kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito linatosha kuleta nafuu ya sukari na shinikizo. Mama wa kilo 90 hana haja ya kuambiwa awe na kilo 60. Mwendo upimwe kwa shinikizo la damu, kwa sukari ya asubuhi, kwa usingizi, na kwa swali rahisi la kama sasa anapanda ngazi au mlima bila kuhema. Anayeonyeshwa kwamba shinikizo lake limeshuka kutoka 150 hadi 143 hana sababu ya kuacha kutembea eti kwa kuwa kilo hazijashuka.

Maswali yawe ya jikoni. Nani anapika, chupa ya lita moja ya mafuta inakaa siku ngapi na kwa watu wangapi, vijiko vingapi vya sukari kwenye kikombe cha chai na vikombe vingapi kwa siku, ugali ni wa unga gani, na nusu ya sahani ina nini. Majibu ya maswali hayo huonyesha mahali pa kuanzia bila kumwagiza mtu vyakula ambavyo duka la mtaani kwake halivijui. Katika mwezi wa Ramadhani swali libadilike, kwa kuwa kinacholeta tatizo mara nyingi si saumu bali futari yenye tambi za sukari, vitumbua na sharubati kwa pamoja.

Kwa upande wa mwendo, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani ndizo zinazoshauriwa kwa watu wazima, na hakuna sharti la viatu vya michezo. Kulima, kuteka maji, kufua kwa mikono na kutembea hadi kituo cha pili cha daladala vyote vinahesabika. Mwanamke wa kijijini anayelima kutwa hahitaji kuambiwa afanye mazoezi, na kumwambia hivyo ni kuonyesha kwamba hakusikilizwa; yeye huenda anahitaji mazungumzo ya chumvi na mafuta tu. Karani wa benki anahitaji kinyume chake.

Tahadhari chache hazipaswi kusahauliwa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi anaweza kushuka sukari ghafla anapoongeza mwendo au kupunguza wanga, hivyo dozi yake ipitiwe kabla ya kuanza, na atembee na pipi au glukosi mfukoni. Ajue dalili: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Akaguliwe miguu, maana aliyepoteza hisia za nyayo anaweza kupata jeraha la kiatu asilijue hadi limeoza. Anayebanwa kifua au kupumua kwa shida anapotembea asimame na aende hospitali kuchunguzwa moyo kabla ya kuendelea. Na anayepungua uzito bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, homa za jioni au kiu isiyokwisha, asipongezwe kabla hajapimwa.